Nina pumu na nahamia Monterrey: niache kukimbia?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 29, ni mhandisi, nimezaliwa na kukulia Mwanza. Kampuni inanipeleka kwenye kiwanda chake cha Monterrey, Meksiko, kwa miaka miwili kuanzia Juni. Utotoni nilikuwa na pumu. Siku hizi inanibana mara chache, hasa nikikimbia penye vumbi au asubuhi ya baridi, na huwa navuta inhela ya bluu. Nakimbia kilomita kumi mara tatu kwa wiki. Rafiki yangu aliyewahi kukaa Mexico City anasema hewa ya huko ni nyembamba, nitaishiwa pumzi. Mwingine anasema Monterrey ni viwanda na moshi mtupu, nisahau kukimbia mpaka nirudi nyumbani. Wakati huohuo wenzangu wapya wana kikundi cha mbio na timu ya mpira, na wameshaniuliza kwenye ujumbe nitashabikia klabu gani ya huko: Tigres au Rayados? Sitaki kukaa pembeni miaka miwili. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kazi. Umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo: mwinuko, moshi, na namna ya kuingia kwenye michezo ya watu ambao bado hujawazoea. Rafiki zako wamekushauri kwa nia njema, ila mmoja amekosea mji na mwingine amekosea dawa.

Mwinuko hauna mjadala mrefu. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Toluca iko juu zaidi ya hapo, na mgeni anayetua huko kweli huhema kwa kupanda ngazi tu. Monterrey iko kaskazini, si mbali na mpaka wa Marekani, kwenye bonde lenye mwinuko wa mita 540 hivi. Wewe umekulia kando ya Ziwa Victoria, ambalo maji yake yako mita 1,134. Kwa hiyo unashuka, hupandi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kila mahali. Kinachopungua mtu akipanda mlima ni mgandamizo unaoisukuma iingie kwenye damu, na kule utakuta mgandamizo mkubwa kuliko wa nyumbani. Kinachowadanganya watu ni picha: kila picha ya mji ule ina Cerro de la Silla, mlima wenye umbo la tandiko la farasi unaofika mita 1,800 na kidogo. Mji uko chini yake. Hiyo milima iweke akilini, nitairudia nikifika kwenye moshi.

Ushauri wa kuacha kabisa kukimbia ndio unaonisumbua. Unatoka kwa mtu anayeona viwanda vya Monterrey lakini haoni viwanda hivyo vilizaa nini.

Kiwanda cha bia cha Cuauhtémoc kilianza mwaka 1890. Kile cha chuma, Fundidora, kilianzishwa 1900 na tanuru lake kubwa la kwanza likawashwa 1903. Vikafuata vioo na saruji. Wenye viwanda wa pale waliamua mapema kwamba mfanyakazi atakaa kazini kama maisha yake yote yatazunguka kiwanda, kwa hiyo pamoja na mshahara vilikuja nyumba, shule, matibabu na viwanja vya michezo. Mwaka 1918 wafanyakazi wa bia walipata chama chao, Sociedad Cuauhtémoc y Famosa, cha akiba, masomo na burudani. Unaweza kuuona utaratibu huo kwa macho mawili, kama malezi au kama kamba ya kumfunga mtu asidai zaidi, na nadhani ulikuwa vyote viwili. Lakini matokeo yake yapo mpaka leo: kwa mtu wa Monterrey, timu ya kazini si jambo la kujazia muda. Timu ya mji ya besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo, ilizaliwa 1939 ikiwa na jina la bia, Carta Blanca. Baadaye ikaitwa Industriales, yaani watu wa viwandani, ndipo ikawa Sultanes kama inavyojulikana sasa.

Jina hilo la Industriales ndilo walilovaa watoto wa 1957, na hiyo ndiyo hadithi ninayokuomba uijue kabla hujapanda ndege. Kikosi cha watoto wa miaka kumi na miwili hivi kutoka mji huo kilivuka daraja la mpakani kwa miguu kuingia Texas, kucheza mashindano ya besiboli ya watoto. Walikuwa wadogo kwa umbo kuliko karibu kila timu waliyokutana nayo. Wakashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka wakajikuta Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali ya tarehe 23 Agosti dhidi ya timu ya La Mesa, California. Mrushaji wao, Ángel Macías, hakumruhusu hata mpigaji mmoja wa wapinzani kufika kituo cha kwanza, tangu mwanzo hadi mwisho. Wakashinda 4–0. Fainali ya mashindano yale haijapata kuona tena mchezo wa namna hiyo. Mwaka uliofuata timu ya Monterrey ikarudi na kulichukua kombe mara ya pili. Mzee yeyote pale kiwandani atakufungulia moyo ukimtajia 1957.

Mpira wa miguu nao umeota kwenye udongo huohuo. Klabu ya Monterrey, wanaoitwa Rayados kwa sababu ya mistari ya jezi yao, iliundwa 1945, na leo iko chini ya FEMSA, kampuni iliyotokana na kile kiwanda cha bia. Tigres ilianza 1960, ni timu ya chuo kikuu cha jimbo, na tangu 1996 uendeshaji wake umeshikwa na kampuni ya saruji ya Cemex. Wakikutana, ni bia na saruji, ni chuo na kiwanda, na nyumba nyingi zina mashabiki wa pande zote mbili mezani. Lakini tukio linalonigusa zaidi ni la 1986. Mwezi Mei Fundidora ilifilisika na maelfu wakapoteza kazi. Wiki chache baadaye Kombe la Dunia likaanza na mji uleule ukapokea mechi. Ni hapo Moroko iliposhikana 0–0 na Polandi, kisha 0–0 na Uingereza. Baada ya hapo ikaifunga Ureno kule Guadalajara na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuongoza kundi lake. Ilirudi Monterrey kucheza na Ujerumani Magharibi na kutolewa kwa bao moja la dakika za mwisho. Waafrika wenzako walishacheza kwenye jua lile, dada, nao hawakuaibika.

Tulifikie basi hilo jua, maana utafika Juni. Miezi hiyo joto la mchana kupita nyuzi 35 ni jambo la kawaida, na siku za kuvuka 40 zipo. Mwanza haijakuzoesha hivyo, ziwa linawapooza. Mwili unaokimbia unazalisha joto jingi sana, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Damu inatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye misuli na kwenye ngozi, moyo unakwenda mbio kuitosheleza miguu na ngozi, na wewe unajiona umeishiwa pumzi. Hapo ndipo wengi husema "ni mwinuko".

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Ndani ya siku kumi hadi kumi na nne za kujizoesha kila siku, kiasi cha maji kwenye damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupoteza chumvi kidogo, mapigo ya moyo hushuka kwa kasi ileile ya kukimbia. Lakini hujifunza kwa kufanyishwa kazi kidogokidogo. Kwa hiyo wiki ya kwanza sahau kilomita kumi. Tembea na kukimbia kwa kupokezana nusu saa, kabla jua halijapanda, ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Wiki ya pili ongeza. Kunywa kwa kiu yako na ule chakula chenye chumvi. Usijilazimishe lita juu ya lita za maji matupu, kwa sababu kuipunguza mno chumvi ya damu nako huua. Na jifunze dalili moja ambayo haina kusubiri: mkimbiaji akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuchanganyikiwa kwenye joto, huyo si mchovu. Ubongo wake unaungua. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji baridi mwili mzima au azamishwe humo, na simu ya dharura ipigwe wakati huohuo.

Na moshi je? Hapa rafiki yako wa pili ana ukweli mkononi. Monterrey ni miongoni mwa miji ya Meksiko yenye hewa chafu zaidi. Kuna viwanda, kuna magari mengi, kuna machimbo ya kokoto yanayokwangua milima, na upande wa mashariki, Cadereyta, kuna kiwanda cha kusafisha mafuta. Upepo mwingi huvuma kutoka mashariki, ukaisukuma hewa hiyo hadi ikagonga ile milima niliyokwambia uiweke akilini. Ndiyo maana maeneo ya magharibi kama Santa Catarina na García huwa na vumbi baya. Kama kampuni inakupa nafasi ya kuchagua nyumba, hilo liulize mapema kuliko kuuliza kodi.

Vitu viwili ndani ya hewa hiyo vinakuhusu, na vina tabia tofauti. Cha kwanza ni chembe ndogo mno, zile ambazo unywele wako ni mnene kuzidi kama mara thelathini. Mtu aliyekaa huvuta kama lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Akikimbia hufika sitini na zaidi, tena kwa mdomo, akiiruka pua ambayo ndiyo chujio. Cha pili ni ozoni. Hii haitoki kwenye bomba lolote. Hupikwa angani, moshi wa magari na viwanda ukikutana na jua kali, kwa hiyo huwa kali mchana na alasiri.

Sasa tazama ubishi unaozaliwa hapo, kwa kuwa wakimbiaji wengi wazoefu wa pale wanaukosea. Kiangazi, asubuhi na mapema inakuokoa na joto na ozoni kwa pamoja. Lakini ikifika Desemba na Januari, asubuhi inageuka adui. Usiku wa baridi ardhi hupoa, hewa nzito ya baridi hulala chini ya bonde, na ile ya uvuguvugu hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa alfajiri hauna pa kutokea. Kutoka njia za vilima vya Chipinque nimeitazama mara nyingi: mji wote umezama kwenye tabaka la kahawia lenye ukingo ulionyooka kama mstari wa rula. Jua likipasha ardhi, kifuniko hufumuka. Kwa hiyo majira hayo subiri saa nne au saa tano asubuhi, au kimbia alasiri. Isitoshe, hewa ya alfajiri wakati huo ni baridi na kavu, na wewe umeshaniambia baridi inakubana.

Usiende kwa kukisia. Serikali ya jimbo la Nuevo León ina vituo vya kupima hewa, na matokeo hutolewa kila saa kwa rangi: kijani, manjano, chungwa, nyekundu, zambarau. Mtu mwenye pumu, kijani kimbia, manjano kimbia ukijisikiliza, chungwa hamia ndani ukafanye mazoezi ya mashine ya kukimbilia au ya uzito, nyekundu na zambarau pumzika. Barakoa za kitambaa na zile za hospitali hazikusaidii sana kwa chembe ndogo. Zile nzito zinazobana uso huchuja chembe lakini haziizuii ozoni, na kukimbia nazo kwenye joto ni mateso. Pa kukimbilia, wengi watakupeleka Parque Fundidora. Ni kile kiwanda cha chuma kilichokufa 1986, kikafunguliwa kuwa bustani 2001. Utakimbia chini ya matanuru yenyewe, na moja limekuwa jumba la makumbusho. Ni pazuri na pana kivuli kuliko barabarani. Kando ya mto Santa Catarina pia watu hukimbia, lakini usishuke kwenye bonde la mto lenyewe hata ukiliona kavu. Zamani lilijaa viwanja vya mpira. Kimbunga Alex kikaja 2010, maji yakavisomba vyote.

Niseme sasa juu ya mapafu yako, maana hapa ndipo naona hatari ya kweli. Umeniandikia kwamba pumu "inanibana mara chache", kisha ukaeleza kwamba inakubana ukikimbia penye vumbi na baridi. Dada, pumu ya utotoni mara nyingi hulala, haiondoki. Kuta za njia zako za hewa zina uvimbe mdogo wa kudumu. Ukikimbia, hewa nyingi kavu hupita kwa kasi, unyevu wa kuta hukauka, chembechembe za kinga hukasirika na kumwaga kemikali, misuli inayozunguka bomba la hewa inajikaza. Inhela ya bluu hulegeza misuli hiyo kwa saa chache. Uvimbe haiugusi kabisa. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa tangu 2019 haikubali tena mtu mzima mwenye pumu atumie ya bluu peke yake; anatakiwa awe na dawa yenye steroidi ya kuvuta, hata kwa kiasi kidogo. Najua neno steroidi linatisha. Ile ya kuvuta ni kiasi kidogo kinachopelekwa moja kwa moja kwenye njia za hewa, si ile ya vidonge vya miezi, na ukisukutua mdomo baada ya kuvuta umekwepa madhara yake mengi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiache kukimbia. Mapafu yaliyozoeshwa hustahimili zaidi, na mazoezi hupunguza dalili za pumu iliyodhibitiwa. Ila usiende ukiwa kama ulivyo leo. Una njia tatu. Unaweza kwenda na inhela yako ya bluu ukitumaini. Sikushauri, vumbi la mji ule litakuumbua kabla ya Krismasi. Unaweza kufuata rafiki yako na kukaa ndani miaka miwili. Mapafu yatasalimika na moshi, lakini mwili utalegea na utakuwa mgeni mpaka siku ya kuondoka, na upweke ugenini nimeuona ukiangusha watu wenye afya kuliko wewe. Au unaweza kutumia wiki hizi kabla ya Juni kuidhibiti pumu, kisha ukimbie kwa saa na rangi. Hii ya tatu ina usumbufu wake: kuna wiki nzima za Januari utakazokosa mbio za nje, na utalazimika kuwaambia wenzako kwa nini. Waambie.

Juu ya Tigres na Rayados, nakushauri usijibu bado. Waambie unataka kwanza uende viwanja vyote viwili, ule wa chuo, unaoitwa Volkano, na ule mpya wa Guadalupe uliofunguliwa 2015 ambao ukikaa vizuri unautazama mlima wa tandiko ukiwa nyuma ya goli. Ni jibu la heshima na litakupatia wenyeji wa pande zote. Siku ya wao kwa wao, usivae rangi ya yeyote barabarani. Mwaka 2018 shabiki mmoja wa Tigres alipigwa akajeruhiwa vibaya kabla ya mechi, na mji wote uliona aibu. Kama unapenda mpira wa wanawake, umefika penyewe: fainali ya 2018 kati ya timu hizohizo ilijaza watu 51,211. Kwenye ligi hiyo ya wanawake hata sisi tumepata kuwa na mtu wetu, Julietha Singano wa Twiga Stars, aliyekwenda kuichezea Juárez, mji mwingine wa viwanda kule mpakani.

Kabla ya kusafiri nenda hospitali yenye kliniki ya kifua. Omba kipimo cha spairometri, kile cha kupuliza kwa nguvu kabla na baada ya dawa, na uwaeleze kwamba unabanwa ukikimbia. Omba ile dawa ya kinga yenye steroidi ya kuvuta uianze angalau mwezi mmoja kabla, na mpango wa maandishi wenye majina halisi ya dawa, siyo ya kibiashara, maana kule majina ya maboksi ni mengine. Beba dawa za miezi mitatu kwenye begi la mkononi. Mwajiri wako kule atapaswa kukuandikisha IMSS, bima ya wafanyakazi. Kadi hiyo ifuatilie wiki ya kwanza, usingoje uugue.

Ukijikuta unahitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku ukikohoa, usinisubiri mimi wala usitafute majibu kwenye simu. Mwone daktari wa pale ndani ya siku chache. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au inhela isipokupa nafuu, ni 911 wakati huohuo, huku ukiendelea kuvuta dawa na ukiwa umekaa wima. Wenzako wa kikundi cha mbio waonyeshe inhela inakaa mfuko gani. Na sentensi hii ya Kihispania ijue kwa moyo kabla ya kupanda ndege: *tengo asma, no puedo respirar*. Maana yake, nina pumu, siwezi kupumua.